Peru bila kukosea mpangilio: mwongozo kamili wa kupanga safari ya Machu Picchu, Cusco na Titicaca

Kila nikiongea na mtu aliyerudi Peru na kinyongo, kosa ni lilelile. Alinunua tiketi ya ndege kwanza, akabuku hoteli Cusco, halafu ndo akaenda kutafuta tiketi ya Machu Picchu, ule mji wa kale wa mawe wa Wainka kule milimani, akakuta zimeisha, au zimebaki za njia ambayo haipiti pale alipotaka. Mwingine tiketi alipata vizuri tu ila siku yenyewe ikamkuta kitandani anatapika na kichwa kinagonga, manake alitoka usawa wa bahari akaenda kulala mita 3,400 siku hiyohiyo.

Mimi mara ya kwanza yalinipata yote mawili. Ndo maana huu mwongozo unapanga safari kinyumenyume: tunaanza na mlango wa Machu Picchu na urefu wa milima, ndege tunalipia karibu na mwisho. Fuata mpangilio kama ulivyo, usiruke hatua, kila moja inaishikilia inayofuata.

## Vitu vya kuandaa kabla hujagusa chochote

Pasipoti yenye zaidi ya miezi sita mbele na kurasa tupu. Kama inakaribia kuisha, badilisha sasa hivi, kwa sababu tiketi ya Machu Picchu inaandikwa namba ya pasipoti na mlangoni wanaangalia.

Kadi ya njano, yani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Sindano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kusafiri. Ukishachanja mara moja cheti ni cha maisha, hivyo kama unayo ya zamani usitupe.

Kadi ya benki ya Visa au Mastercard iliyofunguliwa malipo ya mtandaoni ya nje. Hapa wengi wanakwama. Kadi inalipa vizuri kila siku hapa nyumbani, siku ya kulipia Peru inakataa na muda wa kulipa unaisha. Wapigie benki mapema, waambie nchi na tarehe.

Dola safi, noti mpya zisizo na mchaniko hata mdogo pembeni. Kwenye kubadilisha kule wanaikagua noti kwenye mwanga, yenye mpasuko wa nusu kidole wanakurudishia. Pesa yao ni sol, dola moja inakuja kama soli tatu na nusu hivi, inapanda na kushuka.

Adapta. Umeme wao ni volti 220, chaja yako haitaungua, ila soketi ni za pini mbili, zetu za pini tatu za mraba haziingii.

Nguo za baridi kweli, sio sweta la ofisini. Mwezi wa sita na wa saba usiku wa Cusco unakaribia sifuri na gesti nyingi hazina hita. Ongeza koti la mvua, kofia, losheni ya jua, na viatu ambavyo mguu umeshavizoea. Begi dogo la mgongoni pia lazima, utaona kwenye treni kwa nini.

## Hatua ya 1: Chagua mwezi

Milimani kiangazi kinaanza Mei hadi Oktoba hivi, mvua Novemba mpaka Machi. Januari na Februari mvua ni kubwa, udongo unaporomoka, reli inaweza kufungwa, na ile njia ya kutembea kwa miguu siku nne, Inca Trail, inafungwa Februari nzima kwa matengenezo.

Juni mpaka Agosti anga ni safi ila watu wamejaa, na tarehe 24 Juni Cusco wana sherehe yao kubwa ya jua, Inti Raymi, vyumba vinapanda bei. Mimi ningekwambia Mei au Septemba. Lima iko tofauti, katikati ya mwaka ina ukungu wa kijivu karibu kila siku, hiyo isikutishe, haihusiani na milimani.

Ukimaliza hatua hii unatakiwa uwe na wiki mbili kwenye kalenda, zikiwa bado angalau miezi minne au mitano mbele.

## Hatua ya 2: Viza na mahali pa kubadilishia ndege (usilipe bado)

Ukiwa na pasipoti ya Tanzania au Kenya, viza ya Peru unaomba kabla ya kuondoka, hakuna kufika uwanjani na kujaribu bahati. Waandikie ubalozi wao unaohudumia nchi yako, uliza orodha ya karatasi na muda wa kusubiri. Kwa kawaida wanataka taarifa ya benki, barua ya kazi, mahali pa kulala na mpango wa ndege. Mpango wa ndege ni bukingi tu iliyoshikiliwa, sio tiketi uliyolipia, na ndo maana nasema usilipe. Ndugu zetu wenye pasipoti za Uingereza, Ulaya au Marekani wanaingia bila viza kwa utalii wa muda mfupi.

Sasa angalia njia ya ndege. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu kwenda Lima. Njia za kawaida ni kupitia Amsterdam, ambako kuna ndege inaenda Lima bila kusimama, au kupitia Addis Ababa hadi São Paulo halafu Lima.

Onyo kubwa: ukiona tiketi rahisi inayopita Miami au mji wowote wa Marekani, kumbuka Marekani hawana kupita uwanjani bila viza. Hata kama unakaa saa mbili tu unasubiri ndege nyingine, lazima uwe na viza yao. Nimeshuhudia mtu anazuiwa kaunta na mabegi yameshapimwa, nauli ikapotea. Wenye pasipoti ya Kongo DRC nao waangalie, Ulaya ya Schengen inawataka viza ya kupita uwanjani hata wasipotoka nje. Kila mmoja aulize shirika la ndege kwa pasipoti yake, asiulize kwa pasipoti ya rafiki.

## Hatua ya 3: Chora safari kwa urefu wa milima

Hapa ndo roho ya safari yote, nisome taratibu.

Wengi wanaangalia ramani wanaona Cusco ndo mji mkubwa, basi wanalala Cusco kwanza. Shida ni kwamba Cusco iko mita 3,400. Kwa waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, hapo ni kati ya kambi za Mandara (2,720) na Horombo (3,720), lakini wewe hujapanda kwa mguu, umeshushwa na ndege ndani ya saa moja na nusu ukitokea Lima ambayo iko baharini. Mwili haujapata nafasi ya kuzoea. Hata wa Nairobi asijiamini, Nairobi haifiki mita 1,800.

Sasa angalia maajabu haya: Machu Picchu yenyewe iko chini ya Cusco, mita 2,430. Na bonde lililo katikati yao, wanaloita Bonde Takatifu, lenye miji ya Urubamba na Ollantaytambo, liko kama mita 2,800. Kwa hiyo mpango sahihi ni huu: ukitua Cusco usilale Cusco. Chukua gari palepale uwanjani ushuke bondeni, ni kama saa moja na nusu au mbili. Lala huko usiku mbili, nenda Machu Picchu, ndo urudi Cusco mwili ukiwa umeshazoea. Ziwa Titicaca, mita 3,812, linakuja mwisho kabisa manake pale unalala juu kuliko Horombo.

Ule mlima wa rangi unaouona kwenye picha kila mahali, Vinicunca, uko juu ya mita 5,000. Hiyo imepita kambi ya Kibo Hut kule Kilimanjaro. Usiuweke siku mbili za kwanza hata ajenti akikuambia ni matembezi ya asubuhi tu.

Hatua hii imekaa sawa kama ukisoma mpango wako usiku kwa usiku, namba za mita zinapanda pole pole, haziruki kutoka sifuri hadi 3,400.

## Hatua ya 4: Tiketi ya Machu Picchu

Tiketi zinauzwa na Wizara ya Utamaduni ya Peru kwenye tovuti yao, tuboleto.cultura.pe. Idadi ya watu kwa siku ina kikomo: 4,500 siku za kawaida na 5,600 siku chache walizozitaja wao za msimu wa watu wengi. Mgeni mtu mzima analipa soli 152 kwa njia za kawaida, zenye kupanda mlima wa Huayna Picchu ni soli 200. Bei hubadilika, angalia siku ya kununua.

Tangu Juni 2024 kuna mizunguko mitatu na ndani yake njia kumi. Ukikosea hapa unafika Machu Picchu na huoni ulichofuata, na ukishatoka getini hurudi ndani.

Mzunguko wa 1 unapita juu. Unapata ile picha maarufu, mji wote chini yako na mlima umesimama nyuma, ila hushuki kuingia ndani ya mji wenyewe.

Mzunguko wa 2 unapata picha na unaingia katikati ya mahekalu na nyumba. Huu ndo wa mtu anayeenda mara moja maishani. Njia ya 2-A au 2-B, yoyote utakayopata, kamata. Ndo zinaisha mapema kuliko zote.

Mzunguko wa 3 unapita chini, unaona majengo kwa karibu lakini ile picha ya juu huipati. Ukitaka Huayna Picchu iko huku.

Kuhusu saa: tiketi inaandikwa 06:00, 07:00, 08:00 kwa saa za kizungu. Kwetu hiyo 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi. Unacheka sasa hivi lakini mtu amechoka, amevuka masaa manane ya tofauti (Peru wako nyuma yetu saa nane), anasoma 07:00 kichwani anaita saa saba. Andika kwenye simu kwa saa za kule na weka alamu mbili.

Kuhusu jina: fomu ya Kihispania inatenganisha majina na majina ya ukoo. Sisi wa majina matatu tuandike la mwisho kwenye ukoo, mawili ya mwanzo kwenye majina, vilevile kama pasipoti ilivyo, pamoja na namba yake. Angalia mara tatu kabla ya kulipa, hairudishwi.

Utauliza, ninunue kabla viza haijatoka? Mimi nanunua. Soli 152 ikipotea inauma, lakini ni kidogo ukilinganisha na nauli ya kwenda bara lingine halafu ukute mlango umejaa.

Ukikosa kabisa bado ipo nafasi: tiketi 1,000 kwa siku zinauzwa ana kwa ana kwenye mji wa chini, Aguas Calientes. Unapanga foleni, unapewa namba, mara nyingi unaingia kesho yake, kwa hiyo uwe na usiku mbili za kulala pale na usichague sana njia wala saa. Usiutegemee kama mpango wa kwanza.

Umefanikiwa ukiwa na PDF yenye jina lako, namba ya pasipoti, tarehe, saa na jina la njia. Printi nakala mbili.

## Hatua ya 5: Treni, basi la mlimani na mahali pa kulala

Barabara ya gari kufika Aguas Calientes hakuna. Ni treni, au kutembea kando ya reli kutoka Hidroeléctrica, pale barabara ya gari inapoishia, kama kilomita 10. Kampuni za treni ni PeruRail na Inca Rail. Pandia Ollantaytambo, safari ni kama saa moja na nusu mpaka mbili, na ndo huko bondeni ambako wewe tayari umelala. Kaa upande wa kushoto ukienda, mto Urubamba unakimbia chini ya dirisha.

Nenda jioni ya siku ya kabla, lala Aguas Calientes. Anayekuja asubuhi hiyohiyo treni ikichelewa saa yake ya mlangoni inampita. Begi kubwa treni hawachukui, liache kwenye gesti Ollantaytambo, wamezoea, wanakupa risiti.

Kutoka mjini kupanda juu kuna basi, kama dakika 25, tiketi karibu dola 12 kwenda tu. Basi la kwanza linaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri na foleni inaanza mapema zaidi. Ukiwa na tiketi ya saa kumi na mbili, uwe foleni kabla ya saa kumi na moja.

Kabla ya kuingia nenda chooni, kiko nje ya geti, ndani hakuna. Chakula hawaruhusu, droni hawaruhusu, fimbo ya kutembelea iwe na mpira chini. Pasipoti halisi mkononi, nakala haitoshi.

## Hatua ya 6: Sasa lipia ndege

Viza ipo, tiketi ya Machu Picchu ipo, treni ipo. Ndo unalipa ndege kubwa, kisha Lima hadi Cusco, na Juliaca, uwanja wa karibu na ziwa Titicaca, hadi Lima kwa kurudi. Ndege za ndani za bei ya chini mara nyingi begi unalipia pembeni, soma kabla hujafurahia.

Chagua ya asubuhi. Uwanja wa Cusco umezungukwa na milima, hali ya hewa ikiharibika safari zinaahirishwa. Usiunganishe ndege ya kutoka milimani na ndege ya kimataifa siku moja. Weka usiku mmoja wa akiba Lima. Akiba hiyo inakulinda pia na migomo. Wananchi wakifunga barabara au reli, watalii wanakwama, na Januari 2023 Machu Picchu yenyewe ilifungwa wiki kadhaa kwa sababu ya maandamano.

## Hatua ya 7: Mwili wako

Ongea na daktari angalau mwezi mmoja kabla. Muulize kuhusu acetazolamide, dawa ya kusaidia kuzoea urefu, na mwambie kama una mzio wa dawa za salfa.

Hili nasema kwa uzito wote kwa watu wetu: siko seli. Mwenye ugonjwa wa siko seli, na hata aliyebeba kinasaba kimoja tu bila kuumwa, anaweza kupata madhara makubwa sehemu za juu, ikiwemo kwenye bandama. Wengi hawajui kama wanacho. Pima kabla. Kwa mwenye ugonjwa wenyewe, bila ruhusa ya daktari milima hii asiiguse, pwani ya Peru ina vya kutosha.

Ukifika juu siku ya kwanza: maji mengi, chakula chepesi, hakuna pombe, tembea pole pole kama wapagazi wanavyosisitiza kule Kilimanjaro. Kichwa kuuma kidogo na kukosa usingizi ni kawaida, wenyeji wanaita soroche. Lakini mtu akianza kuyumba kama mlevi, au akakosa pumzi akiwa amekaa tu, au anaongea ovyo, usisubiri kesho. Mshushe chini usiku huohuo na mpeleke hospitali.

## Hatua ya 8: Mpango wa siku 13 ninaoupendekeza

Siku ya 1 na 2, Lima. Pumzika. Tembelea Huaca Pucllana, piramidi ya matofali ya udongo katikati ya mtaa wa Miraflores, yale matofali yamesimamishwa wima kama vitabu kwenye rafu. Kula ceviche, samaki mbichi aliyelowekwa kwenye ndimu, mchana, sio usiku, samaki wa asubuhi ndo mwenyewe. Maji ya bomba usinywe, teksi iite kwa apu.

Siku ya 3. Ndege ya asubuhi hadi Cusco, gari moja kwa moja bondeni. Hakuna kutembelea kitu.

Siku ya 4. Ngazi za Ollantaytambo pole pole, au mashimo ya chumvi ya Maras na matuta ya duara ya Moray. Nunua tiketi ya pamoja ya Cusco, Boleto Turístico, soli 130 kwa siku 10, inafungua Ollantaytambo, Pisac, Moray, Chinchero, Sacsayhuamán na kwingine. Maras haimo, wanalipisha wenyewe pale.

Siku ya 5. Treni ya alasiri, Aguas Calientes, ulale mapema.

Siku ya 6. Machu Picchu. Ukungu ukikuta umefunika kila kitu usikate tamaa, simama pale juu usiharakishwe, mara nyingi jua likipanda unafunguka kama pazia linavutwa, kwanza unaona ncha ya mlima, halafu paa moja la mawe, halafu lote. Jioni treni na gari hadi Cusco.

Siku ya 7 na 8, Cusco. Qorikancha, hekalu la jua ambalo Wahispania walijenga kanisa juu yake, kuta za chini bado za Inka. Mtaa wa Hatun Rumiyoc utafute lile jiwe la pembe kumi na mbili, hata ukucha haupiti kati yake na jirani zake, na hakuna saruji. Kuligusa hawaruhusu, pitisha macho tu. Sacsayhuamán juu ya mji kuna mawe ya zaidi ya tani 100. Vinicunca, kama mwili uko vizuri, ni siku ya 8.

Siku ya 9 na 10, Puno, mji wa kando ya ziwa Titicaca. Basi la mchana kutoka Cusco, safari inachukua kama saa sita au saba. Kesho yake boti hadi visiwa vya Uros, visiwa vilivyotengenezwa kwa matete ya totora yaliyopangwa juu ya maji. Ukishuka kwenye boti ardhi inabonyea chini ya mguu kama godoro. Nunua kitu kwa mama aliyekukaribisha, ndo kipato chao. Ukipenda endelea mpaka kisiwa cha Taquile, wanaume wa kule ndo wanaofuma kofia.

Siku ya 11. Juliaca hadi Lima. Siku ya 12 ni akiba. Siku ya 13 nyumbani.

Mistari ya Nazca, ile michoro mikubwa ya kale ardhini, naisikia inaulizwa sana. Iko jangwani kusini mwa Lima, na kuiona vizuri ni kwa ndege ndogo ya nusu saa inayolala upande huu na huu mpaka tumbo linavurugika. Ongeza siku mbili, usiibane ndani ya hizi 13. Msitu wa Amazon kupitia Puerto Maldonado nao ongeza siku tatu.

## Hatua ya 9: Kurudi

Cusco utapewa chai ya majani ya koka hotelini, kule ni halali na wazee wanaitumia kwa soroche. Kunywa huko, usibebe hata pakiti moja. Sheria ya Tanzania inaihesabu koka kuwa dawa za kulevya, na viwanja vingi utakavyopita hali ni hiyohiyo. Kagua mifuko yote ya jaketi na begi usiku wa mwisho Lima, kuna peremende za koka zinagawiwa bure kwenye ziara na mtu anasahau anazo.

Kadi ya njano iweke pamoja na pasipoti, sio kwenye begi la chini, kwa sababu unatoka nchi yenye homa ya manjano na ukitua nyumbani dawati la afya litaiomba kabla hujafika uhamiaji.